Nyumba ya Baraza: Wazee Wetu wa Mwambao na Nyumba Zao



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita baada ya darsa ya familia baba mmoja alinifuata pembeni akaniuliza swali. Mama yake ni mjane, anaishi peke yake Rumonge. Watoto wote wamehamia Bujumbura, na mmoja yuko Kigali. Wamemwomba mara tatu aje kukaa nao, na mara zote tatu amekataa. Je, wao wana dhambi?

Nilimjibu kwa yale anayoyajua kila aliyepita madrasa. Suuratul Israa inautaja uzee wa wazazi wetu na kutukataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoka nao. Wema huo haupungui kwa sababu ya kilomita sabini na ushee za barabara. Nikamwambia asimlazimishe mama yake. Alishukuru, akaenda zake. Lakini nilipofika nyumbani niliona jibu langu lina upungufu, kwa sababu sikumwuliza habari za nyumba yenyewe. Choo kiko wapi? Mlangoni kuna ngazi ngapi? Asubuhi mama asipoonekana, ni nani atakayejua?

Nilipaswa kuuliza, maana mimi mwenyewe nimewahi kumwumiza mzee wangu kwa nyumba, tena kwa nia njema kabisa. Nitalieleza hilo mbele, insha Allah. Kwanza tutazame nyumba zetu hizi zilikotoka, kwani sehemu kubwa ya jibu iko huko.

Mtu akipita mitaa ya zamani ya Rumonge, au Nyanza-Lac, au Buyenzi pale Bujumbura, atakuta nyumba za namna moja. Mlango mmoja katikati, na mbele yake baraza chini ya paa lililorefushwa. Ukiingia unakutana na ukumbi mwembamba ulionyooka mpaka nyuma, na vyumba viwili au vitatu kila upande. Ukumbi unakutoa uani, na huko uani ndiko kuna jiko, mahali pa kufulia, bafu na choo. Nenda Ujiji, nenda Tabora, nenda Kariakoo ya zamani kule Dar es Salaam, utaikuta nyumba hiyo hiyo. Vifaa hubadilika, ramani haibadiliki sana.

Ramani hiyo ilitoka pwani pamoja na watu wa misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wameshatangulia. Katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Ujiji walivuka na kupanda kaskazini kwa mitumbwi, wakaweka vituo kwenye mwambao huu wetu, na Rumonge ikawa mojawapo. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa ziwani katika miaka ya 1880. Milimani hakuweza kuingia, watu wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia, lakini huku chini ziwani alikuwa na watu wake. Tusifiche pia kwamba biashara ile ilikuwa ya pembe, na ilikuwa ya watumwa. Baadhi ya waliojenga nyumba za kwanza za udongo na miti hapa hawakuja kwa hiari yao, na wajukuu wao ndio sisi tunaosoma kurasa hizi.

Kuna habari moja ya Ujiji ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone, mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 58, amerudi kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amedhoofika. Watu wote wanakumbuka salamu yao. Mimi nakumbuka mahali walipokaa. Stanley ameandika kwamba Livingstone alimwonyesha jukwaa la udongo chini ya upenuni mpana wa nyumba, pamewekwa mkeka na juu yake ngozi ya mbuzi. Ukutani, nyuma ya mahali anapokaa, palipigiliwa ngozi nyingine ili mgongo wake usiguse baridi ya udongo.

Hiyo ni baraza, ndugu zangu. Tena ni baraza iliyorekebishwa kwa ajili ya mgonjwa. Stanley aliona kwamba ni umri wa mzee na uzoefu wake wa Afrika uliompa wazo hilo. Baada ya siku chache wageni hao wawili walipanda mtumbwi kuja kaskazini, wakapita mwambao wa Burundi mpaka mdomo wa mto Rusizi. Pale Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, bado kuna jiwe lenye tarehe 25-11-1871. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Ningependa waambiwe pia habari ya ile ngozi ukutani.

Sasa baraza ina faida gani kwa mzee? Wengi watasema ni mahali pa kuzungumza. Ni kweli, lakini faida yake kubwa ni kwamba mzee anaonekana. Alfajiri ametoka, ameketi. Anayekwenda sokoni anamwamkia, anayetoka ziwani na ndagala anamwamkia, watoto wa madrasa wanamwamkia. Siku asipotoka, mtu wa tatu au wa nne kupita atauliza. Hakuna aliyepangiwa zamu wala anayelipwa, na mzee mwenyewe hahisi kwamba analindwa. Anaona tu kwamba watu wana adabu.

Tena baraza humwacha mzee awe mwenyeji. Mama wa Kiislamu aliyefiwa na mume hawezi kumkaribisha kila mtu chumbani, na wala hapendi. Barazani anaweza kununua samaki, kuuza mawese kwa chupa, kusuluhisha ugomvi wa watoto na kupokea salamu za wanaume wa mtaa kwa heshima, bila mtu kuvuka kizingiti. Ndiyo maana Zanzibar, baada ya mapinduzi ya 1964, yalipoanza kujengwa yale magorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, baadhi ya wazee walioshukuru kupata maji na umeme walilalamika wakati huo huo kwamba baraza imepotea. Mtu wa ghorofa za juu mwenye magoti mabovu anaishi katikati ya mji na hauoni mji.

Ama kuhusu ukumbi, nitasema machache. Umenyooka, hauna kona, na kuta zake mbili ziko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kutembea mkono mmoja umegusa ukuta. Mzee asiyeona vizuri haupotei. Kasoro yake ni giza.

Vyumba ndivyo vinavyotaka maelezo zaidi. Nyumba ya vyumba sita si ya familia moja tu. Tangu zamani, Ujiji na Usumbura pia, mwenye nyumba alikaa upande mmoja na kupangisha upande wa pili. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 na baadaye kuwapanga Waswahili wa Usumbura katika mitaa iliyonyooka ya Buyenzi, yenye namba badala ya majina, desturi hiyo iliendelea na ikakua. Wajane wengi waliishi kwa kodi ya vyumba viwili. Na hapa sheria yetu ya mirathi iliwasaidia. Kwa mila ya nchi, binti hakurithi ardhi, na mpaka leo Burundi haijapitisha sheria iliyoandikwa ya mirathi. Lakini katika mitaa ya Waislamu binti na mjane walijua kwamba wana fungu lao, na mara nyingi fungu hilo lilikuwa chumba. Sisemi kwamba haki ilitendeka kila mara. Nimeamua mirathi ya kutosha kujua namna kaka wanavyohesabu. Nasema tu kwamba mwanamke mzee mwenye nyumba yake mwenyewe si jambo geni kwetu.

Kodi hiyo ndiyo pensheni. Mvuvi hana pensheni, mkamuaji wa mawese hana, muuza vitenge hana. Zanzibar tangu mwaka 2016 serikali inampa kila mzee aliyefikisha miaka 70 fedha kidogo kila mwezi. Kwetu mpango wa namna hiyo kwa wote haupo, na malipo ya uzeeni ni ya walioajiriwa. Na mpangaji, mbali na kodi, ni sikio upande wa pili wa ukuta.

Tumalizie na uani. Hapa sina sifa nyingi za kutoa. Choo cha shimo kiliwekwa mwisho kabisa wa ua kwa sababu ya harufu, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini mtu wa miaka 75 anayeamka mara tatu usiku anavuka ua usio na taa, juu ya mawe na maji ya sabuni, kisha anatakiwa kuchuchumaa na kuinuka bila kitu cha kushika. Wazee wetu walilijua tatizo hili na walilitatua kwa watu badala ya jengo, yaani mjukuu alilala chumbani kwa bibi ili amshike mkono. Leo mjukuu yuko shule ya bweni au yuko Bujumbura, na ua umebaki vile vile.

Sasa nieleze habari yangu.

Aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nyumba yake ya Rumonge ilijengwa na mumewe, aliyekuwa akifanya biashara ya mawese na ndagala wakavu, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa Aprili 1972 vita na mauaji vilianza huku huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha likafuata lile lililoikumba nchi nzima. Mama mkubwa alivuka ziwa kwenda Kigoma na mdogo wake. Mumewe hakuvuka. Mimi nilizaliwa Ujiji, mama yangu akafariki nikiwa mdogo, nikakulia kwa mama mkubwa katika nyumba ya kupanga ambayo, ukiondoa rangi ya mlango, ilikuwa sawasawa na ile aliyoiacha. Alikuwa akinionyesha: kwetu, kitanda changu kilikuwa hapa. Kwetu, mtungi ulikaa pale. Nilipofika Rumonge mwaka 2003, nikiwa kijana, niliingia katika nyumba ambayo sikuwahi kuiona na nikajua choo kiko upande gani.

Ndani tulikuta familia nyingine. Walikuwa wameishi humo miaka mingi, na wao pia walipewa na mtu. Wasomaji wa mwambao wanaijua hadithi hii, maana ziko kwa mamia. Wazee wa mtaa walikaa na pande zote mbili, wakaamua kwamba nyumba igawanywe kwa ukumbi. Wao wabaki upande wa kusini, mama mkubwa achukue upande wa kaskazini, ua uwe wa wote. Tuliishi hivyo kwa miaka sita. Mwanzoni wanawake hao wawili hawakusalimiana. Baadaye walipikia jiko moja. Mwaka 2009 familia ile ilipopata kiwanja chao walihamia mtaa wa pili, na yule bibi wa upande wa kusini, ambaye si Mwislamu, hakuacha kuja barazani kila asubuhi.

Nimeeleza haya ili ieleweke kwa nini mama mkubwa hataki kusikia neno kuhama. Nyumba ile aliwahi kuiacha mara moja.

Mwaka 2017 mimi na binamu zangu wawili tulikusanya pesa ili tumjengee vizuri. Tulikuwa tumeona nyumba za Bujumbura, zile za ukuta na geti. Tulivunja baraza, tukazungusha ukuta wa mita mbili, tukaweka geti la chuma. Tuliondoa sakafu ya saruji iliyopasuka, tukaweka vigae, au makaro kama tunavyosema huku, vyeupe vinavyong'aa, kuanzia ukumbini mpaka bafuni. Tulimwondoa na mpangaji, kijana fundi baiskeli, kwa sababu binamu yangu alisema ni aibu mama yetu kupangisha ilhali ana watoto wenye kazi. Mama mkubwa alitazama yote akasema, "Nyumba imekuwa nzuri, mwalimu. Sasa watu watanionea wapi?" Tukacheka. Nilidhani anatania.

Alianguka mwezi wa tatu baada ya kazi kumalizika. Ilikuwa alfajiri, ametoka kutia udhu, miguu ina maji, juu ya makaro. Nyonga ilivunjika. Aliita. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, ukuta ni mrefu, chumba cha mpangaji kitupu. Alilala pale sakafuni mpaka karibu na adhuhuri, wakati yule bibi wa upande wa kusini, aliyepita mara mbili na kukuta geti limefungwa, alipomwambia mtoto apande ukuta.

Nimeyapima mambo hayo mara nyingi. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila tulichokiondoa kilikuwa na kazi yake, na sisi hatukuijua kazi hiyo kwa sababu hatukuwahi kuwa wazee.

Alipotoka hospitali nilimchukua kwangu Buyenzi. Nilidhani huo ndio mwisho wa mjadala. Chakula kilikuwapo, mke wangu alimhudumia vizuri kuliko nilivyostahili, watoto walimpenda. Lakini kila siku aliuliza leo ni siku gani, yeye aliyekuwa akijua mpaka siku ya kuingia kwa mitumbwi kwa kutazama mwezi. Alisubiri kupewa maji, alisubiri kupelekwa chooni, alisubiri kuulizwa anataka kula nini, na akijibu "chochote". Baada ya miezi saba alisema anataka kurudi, na safari hii nilimwuliza mwenyewe nini kifanyike.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa, na gharama yake haikufika nusu ya ile ya 2017.

Ukuta tuliushusha mpaka kimo cha kifua na geti tukaliondoa. Baraza ilirudi. Ile ya zamani ilikuwa juu mno, kama sentimita 60, ukiketi miguu inaning'inia na kuinuka ni kazi. Mpya tuliifanya 45, yaani kimo cha kiti cha kawaida, na pembeni tukachimbia bomba la chuma la kushikia. Mlangoni kulikuwa na ngazi moja ya sentimita 15. Fundi alitaka kuiwekea mteremko mfupi wa hatua moja, kama ule wa kupandishia pikipiki. Huo ni hatari kuliko ngazi yenyewe. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za urefu, kwa hiyo ngazi ya 15 inataka mteremko wa mita moja na sentimita themanini. Fundi alinung'unika, akajenga.

Makaro ya ukumbini na bafuni tuliyang'oa yote, ijapokuwa mke wa binamu yangu alilia. Tuliweka saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio ikiwa mbichi, ile ile waliyokuwa wakiiweka wazee wetu kwenye njia ya kisimani. Haipendezi machoni, ila mguu wenye maji hautelezi juu yake.

Mahali pa udhu palitaka mawazo. Mtu mzima akiosha miguu kwenye bomba refu husimama kwa mguu mmoja, na ajali nyingi hutokea hapo. Tulijenga benchi la saruji la sentimita 45, bomba likiwa mbele kwenye kimo cha magoti, na mfereji mdogo chini. Anaketi, anatawadha chote akiwa ameketi, anafuta miguu kwa kitambaa hapo hapo kabla ya kusimama. Kuna wazee wanaoona haya kutawadha wameketi, au kuswali juu ya kiti, wakidhani ni upungufu wa ibada. Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alimruhusu mgonjwa asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Kama swala yenyewe imelegezwa, benchi la udhu lina ubaya gani?

Choo cha usiku tulikiweka ndani, katika chumba cha nyuma cha upande wa kaskazini, hatua sita kutoka kitandani. Kina kiti cha kukalia na vyuma viwili ukutani, kila kimoja kimefungwa kwa bolti zilizopita mpaka upande wa pili wa ukuta, maana matofali ya udongo hayashiki skrubu na chuma kinachong'oka mkononi ni kibaya kuliko kutokuwa na chuma. Cha zamani cha uani kimebaki kwa ajili ya wapangaji. Ukumbini kuna taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, kwa sababu umeme wetu wasomaji mnaujua. Kitanda tulikikata miguu. Kizingiti cha mlango wa uani, kilichokuwa kimesimama sentimita 10, tulikisawazisha na sakafu. Na mpangaji alirudi. Si yule fundi baiskeli, yeye alikuwa ameshaoa. Walikuja wasichana wawili wa sekondari kutoka vijiji vya juu, wanaolipa nusu ya kodi kwa makubaliano kwamba mmoja wao awepo kila usiku.

Hakupona kabisa. Anatembea na mkongojo, na sokoni hajarudi tena tangu siku ile. Nikifika huwa naiangalia njia ya sokoni, si zaidi ya dakika kumi, na najua ni nani aliyeifunga.

Kuna jambo jingine ambalo mwambao wetu unalo na vitabu vya ujenzi wa miji mingine havina, nalo ni ziwa. Tanganyika hupanda na kushuka kwa vizazi. Cameron alipopita mwaka 1874 na kuuona mto Lukuga upande wa Kongo, mdomo wake ulikuwa umezibwa na magugu na matope, na ziwa likaendelea kupanda. Mwaka 1878 hivi maji yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kama mita kumi. Ujiji ilijikuta mbali na ufuo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda tena, mama mkubwa alikuwa msichana na anakumbuka mitumbwi ikifungwa kwenye minazi. Kisha watu walisahau, wakajenga chini. Tangu 2020 tumeona wenyewe: Gatumba, Kibenga, na hapa Rumonge nyumba za karibu na bandari, 2021 na tena 2024, maji yameingia mpaka madirishani. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ufuoni ziachwe bila kujengwa, na waliokwisha kujenga humo wengi wao ni wazee ambao nyumba hiyo ndiyo mali yao yote.

Wanaojenga upya sasa wanainua msingi. Ni haki yao. Lakini msingi wa sentimita 60 una maana ya ngazi nne au tano, na nimeona nyumba mpya kavu kabisa ambazo mwenyewe hatoki nje kwa wiki nzima kwa sababu ya ngazi hizo. Maji yanataka nyumba ipande, goti linataka ishuke. Mteremko wa kipimo nilichotaja ungefika mita saba na ushee, na mbele ya nyumba zetu nafasi hiyo haipo. Tunachoweza ni kuupitisha ubavuni, sambamba na ukuta, ukate kona moja na pale konani pawe na mahali pa kupumzika. Au, nafasi ikikosekana kabisa, ngazi pana zisizozidi sentimita 12 kila moja, na chuma cha kushikia pande zote mbili, maana mzee anayeshuka hutumia mkono tofauti na ule wa kupandia.

Yule bibi wa upande wa kusini maji yalimtoa mwaka 2024. Wanawe wamemjengea tena, mbali zaidi na ufuo, msingi juu. Wakati wa kujenga baraza, fundi alikuja kwa mama mkubwa na futi yake ya chuma kuchukua vipimo vya baraza yetu. Mama mkubwa alimtazama akiinama huku na huku akiandika namba.

"Mwanangu," alimwambia, "hiyo ni ya magoti yangu. Mwenzangu ni mfupi. Kamwite."

Aliitwa, akaja polepole, akaketi kwenye rundo la matofali. Fundi aliongeza tofali, akapunguza, akaongeza jembamba, mpaka nyayo zake zote mbili zikakaa chini. Kisha akachukua kipande cha mkaa akaweka alama kwenye mkongojo wake mwenyewe bibi, akaondoka nao kwenda kazini, na wale wazee wawili wakabaki barazani wakimsubiri aurudishe.